Kamera ya Ndani

Kijana aliyenijia wiki iliyopita alikuwa ameivaa kamera kifuani kama ng'ombe aliyefungwa kengele, ili sote tujue kwamba amefika. Alinipa shikamoo, nikaipokea, akakaa na kusema kilichomleta.

"Mzee, nataka kamera ya pili. Ndogo, ful fremu, ya kutembea nayo. Unanishauri ipi?"

"Utatembea nayo kwenda wapi?"

"Popote tu, mzee."

"Na hiyo uliyoivaa inakataa kwenda?"

"Hii kubwa. Inachosha."

Nilimtazama vizuri. Mabega ya kubebea gunia la mahindi, halafu anachoshwa na kitu kinachozidiwa uzito na jogoo. Akatoa simu akanionyesha Mzungu mmoja anayesifia kamera ndogo huku akipiga picha miavuli kwenye barabara iliyolowa. Kila picha mwavuli. Nikamwuliza kwao Mkata mvua ya namna hiyo wanaipata lini. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwonea mzee huruma.

Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Ninawaandikia wote kwa pamoja, ninyi mnaopiga picha za harusi na mahafali kuanzia Korogwe mpaka Handeni, mnaokuja barazani kwangu mkidhani mtu aliyezeeka katika kazi lazima ana jina la kamera mfukoni. Jina sina. Nina kosa moja kubwa na mengine madogo ya kulisindikiza, na hayo ndiyo nitakayowapa.

Nimepiga picha tangu enzi za filamu mpaka macho yangu yalipoingia ukungu. Studio yangu pale Korogwe sasa anaiendesha Zainabu, mtoto wa dada yangu, na anaiendesha vizuri kuliko nilivyofanya mimi, jambo ambalo watu hawaachi kuniambia.

Kwanza hiyo ful fremu mnayoitamka kama jina la mtume. Maana yake ni kwamba kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga kina ukubwa sawa na kipande cha filamu tulichotumia sisi. Basi. Hamjavumbua kitu. Faida yake ni kwamba chumbani kwenye kiza haikuletei picha yenye chengachenga kama pishi la mchele. Hasara yake ni kwamba ukiifungua lenzi mpaka mwisho, kinachoonekana sawasawa ni kitu kimoja tu, na kila kilicho mbele yake na nyuma yake kinayeyuka. Ninyi huko kuyeyuka ndiko mnakokupenda. Mnanunua kamera kwa ajili ya ukungu. Bungu kule milimani ukungu upo wa bure, asubuhi hadi saa nne, na hakuna aliyewahi kuusifia.

Halafu mkishainunua hiyo ndogo mnaanza kuivalisha. Mkoba wa ngozi, kishikio cha mbao, kofia ya lenzi, mkanda mnene kama wa punda. Mwisho inakuwa nzito kuliko ile mliyoikimbia, na bado mnaiita ndogo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kanti. Familia yake ni Wahindi waliokuwa na duka la vitambaa pale mjini, na yeye peke yake aliwakatalia ndugu zake vitambaa akafungua studio. Alikuwa mtu wa maneno machache na dharau nyingi, na ninyi mnaosema nina mdomo mchafu hamkumjua huyo. Picha yangu ya kwanza aliitazama, akanirudishia, akasema, "Huyu bwana harusi ana miguu? Sasa kwa nini umemkata?"

Mzee Kanti alikuwa na kamera mbili. Kubwa tulikuwa tunaibeba sisi. Ndogo ilikaa kwenye droo, imekwisha kutiwa filamu, na sisi tuliiita kamera ya ndani. Wengi wenu mmezaliwa hapa na mnajua harusi zetu sisi Waislamu zinavyokwenda. Sheikh anaozesha wanaume wakiwa nje barazani au msikitini, na muda huohuo bibi harusi yuko chumbani na wanawake wenzake. Mwanamume mpiga picha haingii humo, awe na kamera ya dhahabu. Kwa hiyo Mzee Kanti alimkabidhi kamera ndogo mwanamke mmoja wa nyumba ile, mara nyingi shangazi wa bibi harusi, na shangazi ndiye aliyepiga.

Ile kamera ilikuwa mbaya kutazama. Lenzi ilikuwa haibadiliki. Pete ya fokasi alikuwa ameizungusha mpaka umbali wa hatua kama tatu, halafu akaifunga kwa plasta, ile ya kidonda. Pete ya kufungulia lenzi nayo plasta. Palibaki kitufe kimoja tu kisichozibwa. Nilimwuliza mbona anaiharibu kamera nzima.

"Mimi ndiye nitaipiga?" akaniuliza.

"Hapana."

"Wewe ndiye utaipiga?"

"Hapana, mzee."

"Basi nyamaza, nenda kalete chai."

Nilikuwa kijana nimemaliza kidato cha nne, najua Kiingereza cha kusomea maelekezo ya kamera, na zile plasta niliziona ni ushamba. Niliapa kimoyomoyo kwamba siku nikiwa na studio yangu hakuna kamera itakayotembea na bandeji.

Kiapo nilikitimiza, kwa bahati mbaya.

Alipofariki Mzee Kanti nilijitegemea. Filamu ikafa, tukahamia kwenye memori kadi, nikawa naazima kamera yoyote iliyopo kwa kazi ya ndani na mambo yalikwenda. Kisha zikaanza kuja hizi ndogo za ful fremu. Niliiona moja Tanga kwenye kabati la kioo. Chuma cheusi, namba zimechongwa juu yake, pete zinalia tik tik unapozungusha kama saa ya ukutani. Niliishika nikajiona mtu. Sikujiuliza shangazi wa bibi harusi ataishikaje. Nilijiuliza wapiga picha wenzangu pale stendi wataionaje.

Nikafika nayo nyumbani nikaanza kuichezea. Ndani yake ilikuwa na kazi ya kutafuta nyuso za watu na kuziwekea fokasi yenyewe. Hiyo nikaizima. Nikasema ni ya watoto, mtu wa filamu kama mimi hatafutiwi nyuso. Nikaiacha ipige fokasi kwenye nukta moja ya katikati, nikafungua lenzi mpaka mwisho nipate ule ukungu wenu. Nilizunguka nayo Korogwe nzima nikipiga picha baiskeli. Mnanicheka nini, ninyi si mnapiga miavuli.

Harusi ya lile kosa langu kubwa ilikuwa kijiji cha Kerenge. Bibi harusi aliitwa Rehema, anaolewa na kijana anayefanya kazi Mwanza, na safari ilikuwa alasiri ileile baada ya chakula. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, hatoki kitandani. Kabla sheikh hajafika, shangazi yake Rehema akanifuata pale nilipokuwa nachomeka flashi. Anaitwa Mwanaidi, anakaanga vitumbua kando ya barabara, mwanamke wa maneno makali na mikono mikubwa.

"Mpiga picha, njoo nikwambie. Wifi yangu hataki kutolewa nje kutazamwa na watu. Anataka picha moja tu, yeye na mwanawe, aiweke pale anapoiona akilala. Hajui mtoto atarudi lini."

"Nitakupa kamera, shangazi. Utapiga mwenyewe."

"Mimi? Mimi napiga kwa simu tu, na simu zote zimekusanywa kwenye beseni mlangoni. Mwenye nyumba hataki wanawe waonekane vichwa wazi kwenye magrupu ya watu."

"Hii ni rahisi kama simu."

Huo ulikuwa uongo. Nilimwambia abonyeze kitufe nusu, asubiri, amalizie. Nikamwambia lile boksi dogo la katikati liwe juu ya mtu. Aliitikia kwa kichwa namna mtu anavyoitikia akiwa hajaelewa na ana biriani jikoni. Nikaona ameelewa. Nikaenda zangu kwa bwana harusi.

Baada ya muda shangazi akanirudishia kamera, amefurahi, jasho usoni. "Wamekaa pamoja kitandani. Rehema amemshika mama mkono. Wamelia, halafu wakacheka, nimezipata zote. Angalia basi."

Niliangalia, juani, kwenye kioo cha nyuma chenye ukubwa wa kiberiti. Kwenye kioo kama hicho, juani, hata ubao wa mlango utaonekana una fokasi. Nilitakiwa kuingia kivulini na kuvuta picha mpaka nione kope za jicho. Sikufanya. Bwana harusi alikuwa anaitwa, nikasema, "Safi sana, shangazi," nikaifunga. Saa moja baadaye gari liliondoka na Rehema.

Studioni nikazifungua kwenye kompyuta. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Watu wawili wamekaa bega kwa bega, kichwa kimoja kulia, kingine kushoto. Mtu asiye na mazoea anaweka katikati ya picha katikati yao, na hakosei, ndivyo picha nzuri inavyokaa. Lakini pale katikati ya vichwa viwili hakuna kichwa. Kuna ukuta. Nukta yangu ya katikati ikapita kwenye lile pengo, ikaenda kukamata ukuta, na ukutani palikuwa na kalenda ya duka la pembejeo. Kalenda ilitoka vizuri ajabu. Trekta lilionekana hadi bolti za magurudumu. Rehema na mama yake walikuwa moshi wenye hina. Picha zote. Ful fremu, lenzi imefunguliwa mpaka mwisho, rangi safi, hakuna hata chenga moja kizani.

Nilisafisha iliyokuwa nafuu nikaipeleka Kerenge mwenyewe. Niliketi nje, Shangazi Mwanaidi akaipeleka ndani, na mlango ulikuwa wazi kwa hiyo nilisikia. Bahasha ikachanwa. Kisha sauti ya yule mama, nzito upande mmoja:

"Kalenda imependeza."

Nilijieleza kwa Mwanaidi pale uani. Nilimwambia kosa ni la kamera, na la mimi niliyeichagua na kuitega vibaya, mikono yake haihusiki. Hakunisadiki. Alidhani namfariji.

"Wewe kazi yako unaijua," alisema. "Za nje zote zimetoka. Hizi za ndani nilizopiga mimi ndizo zimeharibika. Mikono yangu imezoea moto tu."

Mama yake Rehema alifariki kabla Rehema hajarudi. Tangu hapo Mwanaidi hakushika kamera, hata simu akipewa apige watoto wa jirani anasukuma mbali. Nilipita pale kila nilipokwenda Kerenge, nikinunua vitumbua nisivyovihitaji, nikimwambia tena na tena kwamba halikuwa kosa lake. "Haya," ananijibu, "utakula na sukari?" Nilijifunza kwamba mtu humtia mwenzake aibu kwa dakika moja, na kuiondoa hawezi kwa maneno.

Kwa hiyo mkinijia na habari za ful fremu ndogo mnisamehe nikiwadharau. Ninawadharau nikijijua. Yale machache ninayoyajua kuhusu kuichagua ni haya, na mtu akitaka mengine aende kwa yule wa miavuli.

Iazime dukani uivae siku nzima kabla hujaipenda. Pika nayo, endesha nayo bodaboda, swali nayo uone kama utaivua. Ikikukera mchana, jioni itabaki nyumbani, na kamera ya kutembea nayo iliyobaki nyumbani ni pambo. Chukua inayotumia betri ileile ya kamera yako kubwa, maana umeme ukikatika Handeni hutakuwa na nafasi ya kutafuta chaja mbili. Lenzi isiyotoka ni bora kwa mtu wa huku. Kipindi cha kiangazi pita tu Mazinde kwenye mashamba ya katani na lenzi wazi, utajua vumbi linavyokaa ndani ya kamera kama mpangaji asiyelipa. Lenzi iwe ya upana wa chumba, kwa sababu vyumba vyetu ni vidogo na ukirudi nyuma unakanyaga sufuria. Iwe kimya, isilie kwenye dua. Na ukiwapiga watu wawili, funga lenzi kidogo, ukungu utaupata siku nyingine.

Lakini kubwa kuliko yote sikulijua mimi, ingawa Mzee Kanti alilibandika mbele ya macho yangu kwa plasta. Aliyenifundisha upya ni Zainabu.

Mwaka huu Zainabu alitaka kamera ya pili. Yeye ni mwanamke, chumbani anaingia, lakini hawezi kuwa chumbani na barazani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kamera ya ndani bado inahitajika. Muuzaji mmoja wa Tanga alimwachia mbili azijaribu, zote ndogo, zote ful fremu. Moja ilikuwa dada yake na ile yangu: chuma, namba za kuchonga, pete za kuzungusha, fokasi ya nukta moja ya katikati. Nyingine ilikuwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, plastiki, haina sura, ila inatafuta nyuso yenyewe. Niliishika ile ya chuma. Moyo wangu ukaenda kulekule. Mtu mzima, macho mabovu, nimeshaharibu, bado vidole vinazungusha pete nisikie tik tik.

"Mjomba," akasema Zainabu, "iweke chini. Hainunuliwi kwa vidole vyako."

"Kwa vya nani?"

"Vaa viatu twende Kerenge."

Tulimkuta Mwanaidi amemaliza kukaanga, anaosha chuma chake cha vitumbua. Zainabu alimsalimia, akamwomba kitu kimoja: atupige picha mimi na yeye, kwa kamera zote mbili. Mwanaidi alikausha mikono polepole.

"Mtoto, mjomba wako anajua mambo yangu na kamera. Mtafute mwingine."

"Sitafuti mwingine, shangazi. Nimetoka Korogwe kwa ajili yako."

"Ikiharibika?"

"Ikiharibika sinunui. Hiyo tu."

Nilitaka kumweleza boksi la katikati la ile ya chuma linavyofanya kazi. Zainabu alinikanyaga mguu. Akanivuta tukaingia sebuleni kwa Mwanaidi, dirisha limefungwa nusu, akaniketisha kwenye kochi, naye akakaa kando yangu akiacha pengo katikati yetu. Nikageuka nyuma. Ukutani kulikuwa na kalenda. Zainabu alikuwa ameshaiona kabla hatujakaa.

Mwanaidi alipiga kwa ile ya chuma. Kisha akapiga kwa ile sabuni. Zainabu hakuzitazama. Alimketisha Mwanaidi mahali petu, akamwonyesha jinsi ya kuvuta picha kwenye kioo, akamwachia zote mbili mapajani.

Alianza na ya chuma. Alivuta, akasogeza, akavuta. "Kalenda," akasema taratibu. Akaiweka pembeni. Akachukua ile nyingine. Humo mimi na Zainabu tulikuwa safi, mpaka mvi za ndevu zangu na pini ya mtandio wake, na kalenda nyuma yetu ilikuwa rangi tu, haisomeki. Aliitazama muda mrefu. Akairudia ya chuma. Akaitazama tena ile ya pili.

"Mikono ni ileile," akasema.

"Ileile, shangazi," Zainabu akajibu.

Mwanaidi akaniinulia macho. Nilikuwa nimejiandaa kusema tena maneno yangu ya miaka yote, na nashukuru sikuwahi.

"Hii inatazama watu," akaniambia. "Ile yako ilikuwa inajitazama yenyewe."

Kisha akafuta jicho kwa ncha ya kanga, akaniuliza kama nitakula vitumbua. Mara hii nilivihitaji.

Zainabu alinunua ile sabuni. Wiki chache baadaye kulikuwa na harusi nyingine Kerenge, ya mdogo wake Rehema, na Rehema mwenyewe amekuja kutoka Mwanza na mwanawe mgongoni. Nilikwenda kumsindikiza Zainabu, nikijitia kwamba huenda atahitaji ushauri. Sheikh alipokuwa anaketi barazani, Mwanaidi akatoka chumbani, hina mpya mkononi, akaja moja kwa moja kwenye begi letu akanyoosha kiganja.

"Nipe yangu," alimwambia Zainabu. "Rehema na mdogo wake wameshakaa pamoja wananisubiri."

Nikasimama kumwonyesha kitufe.

"Wewe," akasema, ameshageuka, "baki hukohuko nje."